Taji Halipewi Mamluki

Kila mwaka, mvua zikishakatika na nyasi za kando ya viwanja zikaanza kukauka, wakati wakulima wanapoulizana bei ya salfa ya kupulizia mikorosho, shule za sekondari za Nachingwea na Ruangwa huingiwa na harara ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari: orodha za wachezaji huandikwa, hufutwa na kuandikwa upya, jezi zilizofungiwa stoo huanikwa juani, na walimu ambao mwaka mzima hawakukanyaga kiwanjani huonekana na filimbi shingoni. Katika harara hiyo shule za makanisa hazina tofauti na shule nyingine, na hilo ndilo linalonifanya nishike kalamu. Maana shule iliyojivika jina la Kristo, ikiwa katika michezo yake haipambanuki na jirani yake ila kwa nembo ya msalaba iliyochapwa kifuani pa jezi, imewahadaa wazazi wanaoilipa karo, na mtoto imemhadaa zaidi.

Niruhusiwe kueleza nililoliona. Katika uwanja mmoja wilayani Ruangwa, asubuhi ya mashindano, meza ya ukaguzi iliwekwa chini ya mwembe, na nyuma yake aliketi mwalimu wa kike aliyekabidhiwa orodha na picha za wachezaji. Mbele yake alisimama mchezaji wa shule moja ya kanisa, kijana wa miraba minne, kidevu kimenyolewa alfajiri ile ile hata ngozi inang'aa kwa mafuta. Na mwalimu yule, badala ya kubishana naye juu ya mwaka wa kuzaliwa, alimwuliza swali jepesi kupita yote: mwalimu wako wa hisabati anaitwa nani? Kijana akamtazama kocha wake. Kocha akainama kufunga kamba za viatu ambazo, kwa jinsi nilivyoziona, zilikuwa zimekwisha kufungwa barabara. Watoto waliozunguka meza wakaangua kicheko, kijana akaondolewa kwa staha, ikatangazwa kwamba anaumwa nyonga. Lakini aliyenikaa moyoni si yeye, bali ni mvulana mwembamba wa kidato cha pili, mwanafunzi halali wa shule ile, aliyekuwa ameketi pembeni huku viatu vyake vya mpira vikining'inia shingoni, kwa kuwa nafasi yake ilikuwa imetwaliwa. Akaitwa kwa ghafla, akavishwa jezi iliyokusudiwa mtu mzima, ikamfika magotini.

Wapenzi wa michezo wana majina yao kwa watu hawa: asiye mwanafunzi wa shule ni mamluki, na aliyezidi umri ni kijeba, nayo majina hayo hutajwa kwa mzaha, kama kwamba ni sehemu ya burudani. Mzaha huo ndio unaoficha uzito wa jambo. Mamluki haingii uwanjani kwa miguu yake peke yake. Huingia kwa rejesta iliyoongezwa jina, kwa picha iliyobandikwa, kwa saini ya mkuu wa shule na kwa muhuri, ambao katika shule ya kanisa aghalabu umebeba jina la mtakatifu. Watu wazima kadha wa kadha, wote wenye daftari za kwaya na vyeti vya ndoa za kanisani, hushirikiana kuandika ushahidi wa uongo, na Jumatatu wanafunzi wale wale waliocheka chini ya mwembe husomeshwa amri za Mungu katika kipindi cha dini, kisha mwalimu hustaajabu kwa nini macho yao yako dirishani. Paulo, aliyeishi na kufanya kazi Korintho, jirani na mahali palipofanywa michezo mashuhuri ya Isthmia kila baada ya miaka miwili, aliwafahamu wanamichezo, na katika waraka wa pili kwa Timotheo imo hoja kwamba mshindani, awe hodari namna gani, hastahiki taji iwapo hakufuata sharia za mashindano. Aya hiyo ingefaa kubandikwa katika ofisi ya mwalimu wa michezo, mahali palipo na picha za timu za Ulaya.

Wako wanaosema, na wengine kwa nia njema kabisa, kwamba kanisa lishughulike na roho na uwanja uachiwe wenyewe. Historia ya pande zetu haikubaliani nao. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani, akawatoa Unguja na kuwaweka Masasi. Na vijana waliosomeshwa Kiungani, shule ya misheni hiyo hiyo kisiwani, walikuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo katika pwani hii kucheza kandanda, kabla ya karne ya kumi na tisa kwisha. Wabenediktini walianza Lukuledi mwaka 1895, na baada ya Vita vya Majimaji kuziunguza misheni za Lukuledi na Nyangao, wakaweka msingi wa Ndanda mwaka 1906. Sisemi kwamba wageni hao walileta mpira kwa mapenzi matupu. Katika shule za Kiingereza za zama zile palikuwa na falsafa iliyoamini kwamba uwanja humfinyanga kijana awe mtiifu na mkakamavu, na huku kwetu utiifu uliokusudiwa mara nyingi ulikuwa ule wa mtawaliwa kwa mtawala. Hata hivyo walilielewa jambo moja ambalo wengi wetu tumelisahau, kwamba mwili nao unasomeshwa, na kwamba yeyote asiyeusomesha kwa makusudi atausomesha kwa bahati mbaya.

Aliyelielewa hilo kuliko wote ni Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi tangu mwaka 1926, ambaye, ilhali wamisionari wengi walikuwa wakilaani jando na kulipiga marufuku, yeye alilitafutia nafasi ndani ya Kanisa, likafanywa kwa sala na kwa usimamizi wa wazee Wakristo, kwa kuwa alitambua kwamba mafunzo ya ustahimilivu na adabu ambayo kijana huyapata porini hayapatikani kwa mahubiri peke yake. Nami nawaomba wakuu wa shule zetu wajiulize swali ambalo mzee yeyote wa Kimwera angelijibu bila kufikiri. Tangu jando lianze, ni nani aliyemtuma binamu yake mwenye kifua kipana aingie kumbini kwa niaba yake, kisha akatoka yeye akashangiliwa na mama zake? Hata mchawi asingethubutu. Anayekwenda ndiye anayeumia, anayeumia ndiye anayefundishwa, na sherehe haina thamani kwa mwingine yeyote. Wazee ambao hawakujua kusoma walikuwa na insafu hiyo, ilhali mwenye shahada ya ualimu anapeleka mtu mwingine akimbie mita mia nne kwa jina la mwanafunzi wake.

Lakini si haki kulaumu bila kutaja sababu. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule nyingi za misheni zilitwaliwa na serikali, Ndanda na Chidya zikiwamo, na walimu waliozoea kuunganisha ibada, darasa na kiwanja wakatawanyika. Makanisa yaliporudi kujenga shule za sekondari, yalirudi katika soko. Shule ya kanisa leo haina budi kujitangaza kama duka: langoni huwekwa bango la matokeo ya kidato cha nne, na katika ofisi ya mapokezi kabati la makombe, ili mzazi aliyetoka Nanganga au Mnacho na fedha za korosho mfukoni aone kwa jicho lake kwamba mahali hapa panashinda. Kombe limekuwa tangazo la biashara, na tangazo huruhusiwa kutia chumvi. Hapo ndipo mamluki alipozaliwa. Hakuzaliwa na uovu wa walimu, alizaliwa na hofu ya bodi ya shule juu ya idadi ya wanafunzi wa mwaka ujao.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua litawaudhi baadhi ya marafiki zangu. Kila mpenda mpira wa mtaani anaifahamu ile inayoitwa kamati ya ufundi, ambayo haina uhusiano na ufundi wa aina yoyote. Ni watu wa makamo wanaoamka usiku, wakapasua yai kwenye mstari wa goli, wakafukia kipande cha nguo karibu na kona, na asubuhi wakakataza timu kupita mlango mkuu, hata wachezaji wakaruka ukuta mbele ya kadamnasi. Shule za kanisa hulaani mambo hayo, na ni wajibu wao. Lakini sikilizeni sala inayosaliwa kabla ya mechi. Wachezaji hushikana mabega, mwalimu wa dini au kiongozi wa uinjilisti hupaza sauti, na kwa masikio yangu nimesikia Mwenyezi Mungu akiombwa ailegeze mikono ya golikipa wa upande wa pili, atie giza machoni mwa mshambuliaji wao, na afunge kila njia ya adui. Adui mwenyewe ni watoto wa parokia ya jirani, ambao upande wa pili wa uwanja nao wameshikana mabega. Mimi sioni tofauti kubwa baina ya sala hiyo na lile yai. Zote mbili zinataka ushindi usiotokana na miguu, na zote mbili zinamfanya mpinzani kuwa kitu cha kudhuriwa. Tena ile ya yai angalau haimtaji Mungu.

Ni sala gani basi inayoifaa shule ya Kikristo? Naona ni ile inayoomba kwa ajili ya wote ishirini na wawili, na waamuzi wao, kwamba pasiwe na mfupa utakaovunjika wala neno litakalojutiwa. Na kama ingewezekana, timu zote mbili ziisali pamoja, katikati ya uwanja, tena kwa ufupi, kwa kuwa jua la saa kumi la Nachingwea halina huruma kwa sala ndefu.

Kwamba imani inaweza kuingia katika mchezo bila kuwa hirizi, dunia imekwisha kutuonyesha. James Naismith, Mkanada aliyehitimu masomo ya uchungaji kabla ya kuwa mwalimu wa mazoezi ya mwili katika chuo cha YMCA huko Springfield, Marekani, alipotakiwa mwaka 1891 abuni mchezo wa ndani kwa vijana wakorofi, hakuandika sala yoyote juu yake. Aliandika kanuni kumi na tatu, na miongoni mwake alikataza mtu kukimbia na mpira mkononi, kukumbana mabega, kushikana na kusukumana, akalitundika goli juu ya vichwa ili nguvu za kifua zisiwe na kazi. Dini yake ilikuwamo katika sharia za mchezo wenyewe, na leo watu wa kila imani wanacheza mpira wa kikapu. Eric Liddell wa Uskochi, kwa upande wake, katika michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 1924 alikataa kukimbia mchujo wa mita 100 kwa kuwa uliangukia Jumapili, akashindana katika mita 400 na kushinda. Jambo hilo naliandika hapa makusudi, kwa ajili ya shule za kanisa zinazofanya mazoezi ya kombaini saa tatu asubuhi ya Jumapili huku kengele ya ibada ikilia.

Na karibu nasi zaidi, huko Iten katika nyanda za juu za Kenya, Bruda Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya Mtakatifu Patrick, hali hakuwa na elimu ya ukocha wa riadha. Akajifunza kwa kuwatazama vijana wakikimbia. Katika shule ile alipita Peter Rono, aliyetwaa dhahabu ya mita 1500 mjini Seoul mwaka 1988, alipita Wilson Kipketer, na mikononi mwa bruda huyo huyo alifunzwa David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mjini London mwaka 2012. Watu wa kwetu wakisikia habari hizo huuliza siri ya chakula, au ya hewa ya milimani. Mimi huvutiwa zaidi na ule muda, kwamba mtu mmoja alikaa mahali pamoja miongo kadhaa akiwalea watoto wa pale. Mwalimu wa michezo wa shule zetu ni yule aliyeripoti kazini mwisho, akakabidhiwa filimbi kwa sababu ni kijana na hana familia, na akipata uhamisho filimbi humwangukia mwingine ambaye hakuiomba.

Hapa Ruangwa tuna jambo letu la kujivunia, nalo limetupa raha na mtihani kwa pamoja. Namungo FC ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2019/20, mwaka 2020 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la nchi na kufungwa na Simba, na msimu uliofuata ikaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, timu ya mji ambao Watanzania wengi walikuwa hawajui uko mkoa gani. Nyuma ya fahari hiyo alisimama Kassim Majaliwa, mwalimu kwa taaluma, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa tangu 2010 hadi 2025 na Waziri Mkuu tangu 2015 hadi 2025, na uwanja ukapewa jina lake. Hakuna mtoto wa Ruangwa asiyeota kuvaa jezi ile, na ni ndoto halali. Walakini klabu ni klabu na shule ni shule. Klabu husajili, huuza, huacha; ikimwona mchezaji hafai msimu huu humpa mkono wa kwaheri, wala hakuna wa kuilaumu, kwa kuwa ndiyo mapatano. Shule haimsajili mtoto kwa mapatano hayo. Ikimpokea mvulana kwa punguzo la karo kwa sababu ana mguu wa kushoto mzuri, kisha goti lake likavunjika mwezi wa tano na punguzo likafutwa mwezi wa sita, imekwisha kuwa klabu, tena klabu mbaya, isiyo na hata mkataba.

Tukiacha wale kumi na mmoja, ni nini hali ya wengine mia tatu? Hapa ndipo falsafa ya shule inapopimika kweli, na ndipo palipo na uvivu mkubwa kuliko wote. Mchakamchaka wa alfajiri ulikuwa zawadi ya kila mtoto wa nchi hii, mwepesi na mzito, na nyimbo zake zilimfanya hata mwenye pumzi fupi afike. Katika shule nyingi umebaki jina. Badala yake kukimbia kumekuwa adhabu: aliyechelewa azunguke kiwanja mara kumi, aliyeongea darasani azunguke mara ishirini, naye mwalimu amesimama kivulini akihesabu. Nchi iliyomzaa Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974, na iliyoletewa dhahabu ya dunia ya marathoni na Alphonce Simbu kutoka Tokyo mwaka 2025, inawafundisha watoto wake kwamba mbio ni malipo ya makosa. Shule inayoamini kwamba mwili umeumbwa na Mungu na ni hekalu la Roho ingeona haya kuutumia mwili huo kama kiboko. Kila bweni na liwe na timu zake, za mpira wa miguu, wa pete na wa wavu, na mbio za kupokezana vijiti, na isiwepo timu ya shule mpaka kila mwanafunzi awe amecheza katika ya bweni lake, hata yule anayeukimbia mpira badala ya kuukimbilia.

Wasichana nao wana dai lao. Mpira wa pete huchezwa pale ambapo wavulana wameacha nafasi, aghalabu kwenye mteremko, na saa ya mazoezi yao ndiyo saa ya kuchota maji. Tena katika mkoa wa Lindi, ambako Uislamu ni dini ya familia nyingi, shule za kanisa zina wanafunzi Waislamu si haba, waliopelekwa na wazazi wao kwa kuuamini ule muhuri wenye jina la mtakatifu. Msichana wa Kiislamu akiambiwa avue hijabu ndipo aingie uwanjani, ilhali sheria za soka la dunia zimeiruhusu rasmi tangu mwaka 2014, atakayekuwa amekosa ukarimu ni nani? Na mazoezi ya mwezi wa Ramadhani, je, hayawezi kusogezwa yakawa mepesi ili mwenye saumu asizimie kwa kiu mbele ya wenzake? Mambo haya hayahitaji bajeti wala ruhusa ya wizara.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba ulaghai wa mamluki hauna dawa, maana kila shule inafanya na atakayeacha peke yake atatolewa katika hatua ya kwanza. Ni kweli kwamba atatolewa. Dawa yenyewe lakini ipo, nayo ni rahisi hata inaaibisha: kabla ya orodha ya wachezaji kupelekwa kwa ofisa michezo wa wilaya, mkuu wa shule aisome mstarini asubuhi, jina baada ya jina, na kila anayetajwa atoke mbele ya wenzake. Wanafunzi wanajuana, wanajua nani analala kitanda gani, nani hudaiwa daftari na nani. Mgeni hatapita mbele ya macho mia tatu, na mwalimu atakayekuwa amemwingiza atasikia mguno ambao hatausahau. Makatibu wa elimu wa majimbo na dayosisi zote za kusini wakubaliane juu ya hilo moja tu kwa mwaka mmoja, nakala ya orodha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo na nyingine isomwe katika kikao cha wazazi. Na mzazi atakayeuliza kwa nini mwaka huu kabati la mapokezi halikuongezeka kombe, aelezwe kwamba hawa ndio watoto waliokwenda, wote ni wa hapa, walifungwa mabao matatu, na mazoezi yanaanza tena Jumatatu saa kumi.